Sungura wa Matao

Kila alfajiri, kabla jua halijauvuka mlima Zaghouan, Yosra aliingia zizini na ndoo ya kukamulia. Kwao walikuwa na kondoo tisa. Mmoja wao, jike mkaidi aliyeitwa Malkia, hakukubali kukamuliwa mpaka aimbiwe. Yosra hakuwa mwimbaji. Mbele ya watu, hata kusoma kitabu kwa sauti kulimtoa jasho. Lakini zizini hakukuwa na wa kumcheka, basi aliimba polepole, kichwa amekiegemeza ubavuni mwa Malkia, macho yakitazama ukuta wa mawe nyuma ya hori.

Aliyajua mawe yale kama mtu anavyowajua majirani zake. Kulikuwa na lenye doa jekundu, na jingine lililofanana na mkate uliomegwa. Chini kabisa, karibu na ardhi, kulikuwa na jiwe kubwa la kijivu ambalo nusu yake ya juu ilizibwa na udongo wa kukandikia. Nusu iliyoonekana ilikuwa na mistari miwili mirefu iliyopinda kidogo, na katikati yake pengo dogo lililomeguka. Yosra aliiita mistari ile miguu ya korongo.

Akimaliza kukamua, mama yake alimpa mkate wa moto kutoka tanurini, umelowa mafuta ya zeituni, naye akatoka mbio kumpitia rafiki yake Amel. Njia ya shule ilipita chini ya Hanaya, mfereji wa maji wa watu wa kale, unaotembea juu ya nguzo na matao kutoka mlimani hadi ukapotea machoni upande wa bahari. Maji hayapiti tena juu yake. Siku hizi hupita kunguru, na chini yake hupita kondoo wa kijiji chetu cha Ain Rihana.

Mlinzi wa matao alikuwa Ami Mongi, baba yake Amel. Alikaa kwenye kiti chake cha mbao, kofia yake nyekundu imeinamia sikio moja, koti la serikali limefungwa vifungo vyote hata wakati wa jua kali.

"Nani hao wanaopita chini ya Hanaya yangu bila kulipa ushuru?" alipaza sauti kila asubuhi.

"Ni sisi, Baba!" Amel alijibu.

"Sisi nani? Mimi naona kuku wawili wamebeba mikoba."

Yosra alimmegea kipande cha mkate. Ami Mongi alikitia kinywani, akafumba macho, akatafuna kama hakimu anayepima ushahidi.

"Ushuru umepokelewa. Piteni, waheshimiwa kuku."

Ndivyo siku zilivyokuwa, mpaka ulipotoka mchezo wa kompyuta ulioitwa Maji ya Karthago.

Miaka mitatu nyuma, watengenezaji wake walikuja kijijini na kamera nyingi. Walikaa siku nne wakiipiga picha kila nguzo na kila jiwe, wakanywa chai yetu, wakaondoka, tukawasahau. Sasa Hanaya ilikuwa imerudi nzima ndani ya kompyuta, haina tao lililobomoka, na maji yanametameta juu yake. Kijana mjumbe alikimbia ukingoni mwa mfereji akipeleka barua Karthago, maadui nyuma yake. Alipofika nguzo ya saba kutoka mtoni, ilimbidi ashuke atafute jiwe lililochongwa sungura. Akilibonyeza, mlango wa siri hufunguka.

Fundi gani wa kale alimchonga sungura yule, na kwa nini, hakuna ajuaye. Kijijini hatukumjali. Alikuwa chini ya nguzo, upande wa mtoni, nyuma ya kichaka cha mipungate, na hakuna aliyetaka kuchomwa miiba kwa ajili ya sungura asiyeliwa. Lakini wachezaji walianza kuja. Walitoka Tunis, walitoka Sousse, wengine walitoka ng'ambo, simu mkononi.

"Mzee, sungura yuko wapi?" waliuliza.

"Sungura?" wazee walijibu. "Hapa tuna kondoo tu, mwanangu. Unanunua?"

Hatimaye kijana mmoja akafyeka mipungate kwa panga. Hakukuta sungura. Alikuta shimo kwenye nguzo, pana kama mlango wa tanuri. Akalipiga picha, akaiweka mtandaoni pamoja na picha ya kwenye mchezo, na chini yake akaandika: *Mlinzi kamuuza sungura.*

Jumatatu yake mkaguzi wa malikale alifika kutoka mjini. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye sauti ya chini, na hiyo ndiyo iliyotisha zaidi.

"Bwana Mongi, umelinda hapa miaka ishirini na miwili. Jiwe limekwenda wapi?"

"Sijui, Bwana Mkaguzi," alisema Ami Mongi. "Baada ya mafuriko ya mwaka juzi niliona mawe kadhaa yameanguka, nikatoa taarifa. Kosa langu ni kwamba sikupenya nyuma ya mipungate kuangalia ni yapi. Hilo nalikubali. Lakini kuuza? Sijauza hata kokoto."

"Watu wa magendo hulipa vizuri kwa jiwe kama lile."

"Angalia viatu vyangu, bwana, uone nimelipwa vizuri kiasi gani."

Watu walicheka. Mkaguzi hakucheka. "Nitarudi Jumamosi, saa nne asubuhi. Jiwe lisipopatikana, koti hilo utalivua, na yaliyobaki utayaeleza mbele ya hakimu."

Kesho yake shuleni, Amel hakupata pa kujificha.

"We Amel! Baba yako kamuuza sungura mzima au kamkatakata?"

"Kampika! Wameshushia na kuskusi!"

"Ndiyo maana Amel kanenepa!"

Amel aliinamisha uso kwenye daftari. Yosra, aliyekaa naye dawati moja, alitaka kusimama awajibu. Maneno alikuwa nayo, ila yalifika kooni yakakwama hapo. Alichoweza ni kuusogeza mkate wake wote upande wa Amel. Amel hakuugusa, na kesho yake hakuja shule.

Alasiri ya Jumatano hiyo hiyo, Yosra alikwenda kwenye duka la intaneti. Binamu yake Wajdi, mwenye miaka kumi na minne, ndiye aliyekuwa akiliangalia duka la baba yake.

"Umepotea njia?" Wajdi alimuuliza. "Duka la unga ni lile pale."

"Nataka kumwona sungura."

"Wewe? Gemu? Leo itanyesha mvua ya mawe." Lakini alimvutia kiti. "Haya. Hapa kukimbia, hapa kuruka. Ukianguka, umekufa."

Yosra hakuwahi kushika mchezo ule. Mjumbe wake alitembea taratibu juu ya Hanaya, akasimama kutazama mlima.

"Kimbia! We, unamkimbiza au unamchunga?" Wajdi alilalamika. "Maadui wako nyuma yako, yeye anatazama mandhari! Ruka! Si huko!"

Mara tatu mjumbe alikufa kabla ya kufika. Mara ya nne alifika nguzo ya saba, akashuka kwa kushikilia nyufa, na mbele ya Yosra akatokea sungura. Alikuwa ameketi wima, masikio yake marefu yamesimama, yamepinda kidogo. Katikati ya masikio jiwe lilikuwa limemeguka. Yosra alimwona mzuri. Akasogea amwone vizuri zaidi, mguu wa mjumbe ukateleza, akaanguka.

Katika mchezo ule, anayeanguka huona dunia nzima imepinduka. Mbingu zikaenda chini, mto ukaenda juu, na sungura akaning'inia kichwa chini, masikio yakielekea ardhini.

Yosra alibaki ameduwaa. Mistari miwili mirefu. Pengo dogo katikati. Ilikuwa miguu ya korongo.

"Ushakufa," alisema Wajdi. "Bonyeza hapo ufufuke. Yosra? Bonyeza hapo! Yosra, unakwenda wapi?"

Alikimbia mpaka nyumbani bila kupumzika. Zizini kulikuwa kimya, kondoo walikuwa malishoni. Akaenda nyuma ya hori, akapiga magoti, na hapo moyo ukamshuka. Mbele ya jiwe la kijivu palikuwa na marobota mawili ya majani makavu, yamepangwa vizuri, yamebana ukuta. Asubuhi hayakuwapo.

"Unatafuta nini?"

Baba yake, Lazhar, alikuwa amesimama mlangoni, uma wa kugeuzia majani mkononi.

"Baba, haya majani nani kayaweka hapa?"

"Mimi. Pana ufa. Upepo unawasumbua kondoo."

"Upepo? Mwezi wa tano?"

Yosra alijiangalia vidole. Sauti yake ilitoka ndogo, lakini ilitoka.

"Baba, lile jiwe lenye miguu ya korongo. Ile si miguu. Ni masikio."

Baba yake aliuegemeza uma ukutani, akakaa juu ya robota moja kama mtu aliyetoka safari ndefu.

"Unakumbuka mafuriko," alisema mwishowe. "Zizi lilibaki mawe matatu. Kondoo sita walikwenda na maji. Tukafanya ujima kijiji kizima, leo zizi la huyu, kesho zizi la yule, kila mtu akiokota mawe mtoni. Nawe unajua desturi yetu. Kilicholetwa na mto ni cha mwenye kuokota. Babu yangu alijenga hivyo, na baba yake alijenga hivyo."

"Kwa hiyo mto ndio uliolileta?"

Lazhar alivuta bua moja la jani, akalivunja vipande.

"Mvua ililibomoa likaviringika nje ya mipungate, likalala chini ya nguzo," alisema. "Maji yaliishia hatua tatu kabla ya kulifikia. Hatua tatu tu, Yosra. Nikasema moyoni, hatua tatu ni nini? Mto ungetaka ungefika. Nikalibeba kwa punda. Lilikuwa limejaa tope, sikuona mchoro wowote. Nimeuona Jumatatu jioni, mkahawani, watu walipopitishiana picha."

"Basi tumwambie mkaguzi!"

"Nimwambie niitwe mwizi wa malikale? Kuna watu wamefungwa kwa mambo haya. Nikifungwa, nani atawalisha ninyi?"

"Na Ami Mongi je?"

"Mongi hana kosa. Mungu atamtoa."

"Kwa mkono wa nani, Baba?"

Baba yake alimtazama. Halafu akainuka, akachukua uma wake. "Nenda kamsaidie mama yako," alisema, na hakumtazama tena siku ile.

Alhamisi baada ya masomo, Yosra alikwenda kwa kina Amel. Ami Mongi alikuwa uani, anapiga brashi koti la serikali. Alilitandika mezani, akalikunja mikono, akalikunjua, akalikunja upya.

"Kuku mmoja leo," alisema, akijaribu kutabasamu. "Ingia, mwanangu. Leo hakuna ushuru. Ofisi inafungwa."

Amel alikuwa chumbani anapanga vitabu ndani ya sanduku la karatasi.

"Tunahamia Tunis kwa mjomba," alisema bila kugeuka. "Mama anasema hata kama baba hafungwi, hapa hatuwezi kukaa. Jana dukani hawakumwitikia salamu. Baba yangu! Ambaye akiokota dinari njiani analala na wasiwasi." Akageuka. "Yosra, na wewe unaamini kauza?"

"Hapana."

"Unajuaje?"

Yosra alifungua mdomo. Jibu lilikuwa ulimini, zima, limekamilika. Akamwona baba yake amekaa juu ya robota la majani, anavunja bua vipande vipande.

"Najua tu," alisema.

Amel alimkumbatia na kulia kwa furaha, kwa sababu ya maneno yale mawili, na Yosra akajiona mdogo kuliko kokoto. Njia nzima ya kurudi nyumbani aliwaza kwamba rafiki yake amemshukuru kwa nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo iliyokuwa inamfukuza kijijini.

Ijumaa, baada ya sala ya adhuhuri, alimfuata baba yake shambani, kwenye mizeituni. Lazhar alikuwa anapalilia. Kisu, mkate na zeituni alizofungiwa na mkewe vilikuwa juu ya kitambaa, havijaguswa.

"Baba, kesho saa nne mkaguzi anakuja. Nitasema."

Jembe likasimama.

"Lakini sitaki kukutangulia," Yosra aliendelea haraka, kabla ujasiri haujamtoroka. "Ukisema wewe, mimi nitanyamaza. Usiposema, nitasema mimi, hata kama sauti itakatika."

"Unamshitaki baba yako?"

"Hapana." Machozi yalikuwa yameanza. "Nakuonea huruma. Juzi hukula. Jana hukula. Leo hukula. Wewe ndiye uliyenifundisha kurudisha ndoo ya jirani kabla hajaidai."

Lazhar aliliinua jembe, akaendelea kupalilia palepale alipokwisha kupalilia.

Jumamosi alfajiri, Yosra alipochukua ndoo, baba yake alimzuia mlangoni. "Leo nitakamua mimi. Wewe nenda na mama yako." Uso wake ulikuwa umekaza kama ngozi ya ngoma. Yosra akaelewa kwamba amekasirika, akaiweka ndoo chini.

Saa nne Hanaya ilikuwa imejaa watu. Walikuwapo wanaume wa mkahawani, wanawake na watoto wao, Wajdi na simu yake imeinuliwa juu, hata wachezaji wawili kutoka Sousse. Mkaguzi alisimama mbele ya shimo la nguzo ya saba. Ami Mongi alikuja amevaa koti lake, vifungo vyote vimefungwa. Amel alimshika mkono. Yosra alitafuta uso wa baba yake katika umati. Haukuwapo.

"Bwana Mongi, jiwe limepatikana?" mkaguzi aliuliza.

"Halijapatikana, bwana."

"Basi vua koti."

Ami Mongi alianza kifungo cha juu. Kilifunguka, lakini cha pili kikakataa kutoka.

"Msaidieni, kalizoea!" mtu mmoja alipiga kelele nyuma, na wachache wakacheka.

"Liko kwetu!"

Hata Yosra mwenyewe alishtuka kusikia ni sauti yake. Watu waligeuka wote. Yosra aliona macho kila upande, jasho likamtiririka mgongoni, lakini miguu ilikuwa imekwisha kumtoa mbele.

"Jiwe liko kwetu," alirudia. "Ami Mongi hakuuza kitu."

"Kwenu wapi, binti?" mkaguzi aliuliza.

"Zizini. Nyuma ya hori. Kichwa chini."

"Sungura kalala na kondoo!" Wajdi aliropoka, lakini safari hii hakuna aliyecheka. Mama yake Yosra alijifunika mdomo kwa shela. Amel alimtazama rafiki yake kama anamwona kwa mara ya kwanza.

"Nani alilipeleka huko?" mkaguzi aliuliza.

Hapo Yosra akanyamaza. Hilo lilikuwa jina la baba yake, na lilikuwa zito kuliko alivyodhani.

"Binti yangu hasemi uongo," ilisikika sauti nyuma ya umati. "Ila zizini halipo tena."

Umati ukapasuka katikati. Lazhar alikuwa anakuja akivuta punda, na punda anavuta mkokoteni. Nywele zake zilikuwa nyeupe kwa vumbi, vidole vinatoka damu. Juu ya mkokoteni, juu ya gunia lililolowa maji, alikuwapo sungura, ameoshwa, masikio yamesimama.

"Nilikuwa nalitoa tangu alfajiri," alisema akihema. "Nililijenga imara mno. Ukuta wote umeniangukia." Akamgeukia mkaguzi. "Nililichukua mimi, Lazhar, baada ya mafuriko. Nilijiambia mto ndio ulioleta. Haukuleta. Lilikuwa hapa chini ya nguzo, maji yaliishia pale, hatua tatu. Nilijua hivyo siku ile na ninajua hivyo leo. Wiki hii nimemwona ndugu yangu Mongi anatukanwa, nikanyamaza. Niandikeni mnavyotaka."

Kisha akamwendea Ami Mongi, akainama, akambusu kichwani juu ya kofia nyekundu. "Nisamehe, ndugu yangu."

Ami Mongi alimtazama, akalitazama jiwe, akamtazama tena. "Umenifungua kifungo kimoja, Lazhar," alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Kifunge wewe mwenyewe." Na Lazhar, kwa vidole vyake vilivyochubuka, akamfunga kifungo cha koti mbele ya kijiji kizima.

Mkaguzi alikuwa anachungulia ndani ya shimo. "Pamoja na hili, hapa yametoka mengine," alisema. "Kama kumi hivi."

Wanaume wa mkahawani walianza kuvitazama viatu vyao. Halafu mzee mmoja akakohoa.

"Mimi ninayo mawili. Ni ngazi yangu ya mlangoni."

"Ngazi ile nzuri?" mkewe alimaka. "Uliniambia umenunua!"

Kicheko kikalipuka, na kicheko kile kikafungua milango. "Langu liko kisimani." "Sisi tuna moja, tunakalia." Mwanamke mmoja akainua mkono: "Mimi liko chini ya tanuri, Bwana Mkaguzi, lakini nisubirie mikate iive kwanza!"

Mkaguzi mwembamba alishindwa kujizuia. Alicheka mpaka akashika nguzo. Akaitoa karatasi ya mashitaka aliyokuja nayo, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Mimi nilikuja kutafuta jiwe," alisema. "Nitaandika kwamba wananchi wenyewe wamelirudisha kwa hiari. Lakini yote yawe hapa kabla ya adhuhuri. Na wewe, Bwana Mongi, nilikuhukumu kabla sijakusikia. Naomba radhi. Utasimamia kazi hii, na koti ubaki nalo."

Siku ile mikokoteni ilipanga foleni kama siku ya soko. Watoto waliojaza shule kwa kejeli walisukuma magurudumu kutoka nyuma. Mmoja wao alimjia Amel, akajikuna kichwa, akasema, "Tusamehe, bwana. Hujanenepa." Amel alimwachia asukume jiwe zito kuliko yote. Kisha akamvuta Yosra pembeni.

"Alhamisi ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua," Yosra alikiri. "Niliogopa. Nisamehe."

Amel alifikiri. "Alhamisi ulinikasirisha sana, ila nimejua leo tu," alisema. "Lakini leo umesimama peke yako mbele ya watu wote, wewe ambaye darasani huwezi kusema 'nipo'. Sanduku langu la vitabu utalipangua wewe, vyote, mpaka kitabu cha mwisho."

"Nitalipangua."

Wiki mbili baadaye fundi mwashi alikuja kutoka mjini na chokaa. Wanaume walisaidiana kuinua, Ami Mongi akiamrisha kwa fimbo: "Kushoto! Kushoto yangu, si yako!" Sungura alipoingia mahali pake, wanawake walipiga vigelegele mpaka kunguru wote wakaruka kutoka juu ya Hanaya. Jioni hiyo hiyo zizi la Lazhar nalo lilikuwa limesimama tena, kwa mawe ya mtoni kweli, maana kijiji kilifanya ujima bila kuombwa.

Kuskusi ilipopakuliwa chini ya matao, Ami Mongi aliwaita watoto, akamshika Lazhar bega. "Waambie wewe," alisema. "Kwangu mimi itakuwa hotuba. Kwako ni ushahidi."

Lazhar alisita, kwa kuwa binti yake alirithi haya kutoka kwake. Halafu akasema:

"Wanangu, wizi wangu ulikuwa wa hatua tatu. Nilidhani ni kitu kidogo, kwa hiyo nikajisamehe mwenyewe. Jiwe nililibeba siku moja, na punda alinisaidia. Lakini mzigo wa kulificha niliubeba peke yangu, na mwisho nikamtwika mtu asiye na kosa. Mkikosea, na mtakosea, semeni mapema, kabla mwingine hajaadhibiwa kwa ajili yenu. Na kama mnajua ukweli unaomwokoa mtu, msisubiri sauti yenu iwe nzuri. Itoeni hivyo hivyo ilivyo, kama alivyofanya huyu."

Yosra aliinamisha uso juu ya sahani, masikio yamewaka moto. Lakini alikuwa anatabasamu. Upande wake wa kulia Amel alimwekea kipande kikubwa cha nyama, na upande wa kushoto baba yake, kwa mara ya kwanza tangu wiki ile ngumu, alikuwa anakula kwa hamu, anaongeza, na anaongeza tena.